Ng'ombe wa Marsela

Oldeani, Jumapili 3 Julai 2005

Maabarani kule Uingereza tunaandika kila siku. Tarehe, tulichofanya, tulichoona; na kama hatukuona kitu, tunaandika kwamba hatukuona kitu. Miaka mitatu ya mazoea hayo imenifanya nione siku haijaisha mpaka niiandike. Daftari langu la kazi nimemwachia Edgar, Mchaga wa Marangu ninayesoma naye, ambaye ananiendelezea jaribio langu la mwisho. Hili ni daftari la shule, nimelinunua Karatu. Nitaandika kwa Kiswahili. Kuna maneno sijayatumia tangu niondoke.

Mama yangu, Marsela, alifariki tarehe 14 Juni. Nilifika siku mbili baada ya kuzikwa. Profesa amenipa ruhusa mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Baba hajaniomba nibaki. Ila leo baada ya misa aliingia kwenye mibuni, akakata tawi lililolemewa na buni nyekundu, akaliweka mezani mbele yangu, akatoka. Basi nimebaki kuchuma kahawa.

Jumanne 5 Julai

Ukungu mpaka saa tano, ndipo tukachuma. Madebe manne.

Jumatano 6 Julai

Madebe matano. Mikono imesahau kazi. Nang'oa buni pamoja na vikonyo, na Baba anapita nyuma yangu anavitazama vikonyo.

Jumamosi 9 Julai

Leo tumemenya buni ya wiki nzima. Baba aliizungusha mashine kwa mkono, nami nikamwaga maji. Ile harufu ya maganda yaliyoanza kuchacha ilinirudisha moja kwa moja kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa mchumaji wa mzungu kabla hawajapata eka zao hizi mbili. King'ora kililia saa kumi na mbili asubuhi, na wanawake wakatoka kwenye ukungu na vikapu kiunoni, hawaonekani nyuso, unawatambua kwa kikohozi na kwa kicheko. Mama nilimtambua kwa kuimba. Aliimba Kiiraqw asubuhi na Kiswahili mchana, sijui kwa nini, na sikuwahi kumuuliza.

Alinifundisha kuchuma kwa macho kwanza. "Angalia tawi zima, Bene, halafu ndiyo upeleke mkono." Nimefanya kazi na watu wenye majina makubwa, na hakuna aliyenifundisha kutazama zaidi ya yeye.

Baba aliniona nimesimama na ndoo. Akasema, "Maji." Nikamwaga maji.

Jumatatu 11 Julai

Mdogo wangu Piusi amekuja kulala nyumbani. Anaendesha gari la watalii, anashuka nao kwenye kreta ya wanyama karibu kila siku, na anazungumza Kijerumani cha kuuliza watu kama wameona faru. Wakati wa chakula akaniuliza, mbele ya Baba, "Dada, hivi hasa unasomea nini? Wageni wakiniuliza nawaambia unasomea udaktari."

Nikajaribu. Nikamwambia kuna bakteria mdogo anayeishi kwenye udongo. Njaa inapomkaribia hujenga ukuta ndani ya mwili wake, akapata chumba kidogo pembeni. Humo ndimo atakamojificha, kwa ganda gumu, miaka na miaka, mpaka hali iwe nzuri tena. Tatizo ni kwamba ukuta unapofunga, DNA yake, yaani maagizo yote ya maisha yake, inakuwa imeingia theluthi moja tu. Iliyobaki imebaki nje, ni uzi mrefu umebanwa mlangoni.

"Sasa anafanyaje?"

"Kuna protini inakaa pale mlangoni. Ni mashine kabisa, inakula nguvu kama injini yako. Inaushika ule uzi na kuuvuta mpaka wote umeingia chumbani. Kazi yangu ni kujua inajuaje upande. Kwa nini inavuta kuelekea ndani, isitoe nje hata kile kilichokwisha ingia."

"Na inajuaje?"

"Ndiyo hatujui. Tunadhani kwenye DNA yenyewe kuna herufi chache zinazojirudia, zote zimeelekea upande mmoja. Mashine inazisoma inapopita. Mimi nimekata kipande nikakigeuza, herufi zitazame nyuma. Edgar anaangalia kama mashine itakwama hapo."

Piusi alifikiri. "Na ikikwama?"

"Basi tumepata jibu."

Baba alimaliza ugali wake, akanawa mikono. "Miaka mitatu," alisema, akatoka kwenda kuwafungia ng'ombe. Sikujua alimaanisha ni mingi au ni michache.

Ijumaa 15 Julai

Karatu, kwenye duka la intaneti. Magari ya vyama vya siasa yanapita na vipaza sauti. Edgar ameandika: bakteria wameota vizuri, nisubiri.

Jumatatu 18 Julai

Ng'ombe wa Mama amerudi. Tangu Mei, Mama alipozidiwa na ugonjwa, na nyasi za huku zikawa zimekauka, ng'ombe alikuwa upande wa hifadhi kwa Mzee Senteu, Mmaasai rafiki wa Baba tangu ujana wao. Mzee Senteu amemleta mwenyewe kwa miguu, na atakaa kwa ndugu yake hapa Oldeani mpaka arobaini ya Mama, Jumamosi. Ng'ombe atachinjwa siku hiyo. Mama mwenyewe alisema hivyo akiwa kitandani: wanaokuja kunikumbuka wamle ng'ombe wangu, msikope wa mtu.

Nimemsugua mgongo. Mama alimpata akiwa ndama mwaka niliofaulu kwenda kidato cha tano.

Jumatano 20 Julai

Baridi. Mjomba Modest, kaka yake Mama, amefika kutoka Mbulu na visu vyake viwili. Baba amejikata kidole kwa waya wa kichanja cha kuanikia kahawa, amefunga kitambaa. Madebe sita.

Alhamisi 21 Julai

Niandike yote kwa mpangilio.

Alfajiri Baba aliniita. Ng'ombe wa Mama alikuwa amelala kando ya ua, tumbo limejaa kama ngoma. Jana jioni alikula vizuri. Damu ilikuwa inamtoka puani na nyuma, nyeusi, na haikuwa inaganda. Shingoni kulikuwa na jeraha fupi la kisu. Baba alisimama na kisu mkononi.

"Nimemwahi," alisema. Hakunitazama.

Hakumwahi. Jeraha lile lilikuwa limetoa damu kidogo sana. Ng'ombe alikwisha kufa.

Mjomba Modest alikuwa amevua koti. "Tumchune mapema, jua halijapanda."

"Mjomba, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Ile damu ndiyo iliyonizuia. Nimeisoma kwenye vitabu. Bakteria wangu wa maabara ana ndugu, wanafanana kama pacha, ila wangu hana madhara na huyo ndugu ndiye anayeleta kimeta. Nikawaambia: kimeta. Nikawaambia ng'ombe akifa nacho, vimelea wamejaa kwenye damu, lakini akibaki mzima bila kufunguliwa wengi wao wataoza naye. Ukimpasua, hewa inaingia, damu inamwagika, na kila mmoja ataanza kujenga chumba chake. Na hao wakishajifungia hawaozi. Watakaa kwenye udongo wa ua wetu mpaka Piusi awe na wajukuu.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamgeukia Baba. "Shemeji, ng'ombe amevimbiwa."

Wakati huo Mzee Senteu alikuwa ameingia uani. Alisimama mbali, akatazama pua ya ng'ombe, hakusogea.

"Hhando, ng'ombe huyu asifunguliwe," alimwambia Baba. "Kaka yangu alimla wa namna hii mwaka wa njaa. Walikuwa watano waliokula. Tulizika wawili."

"Wewe ndiye umekaa naye miezi miwili," Mjomba akamwambia. "Kama ana ugonjwa, ameutoa kwako."

"Inawezekana ametoka nao kwangu," Mzee Senteu alijibu. "Ndiyo maana nasema."

Mjomba akanijia karibu. Macho yake ni ya Mama kabisa, ndiyo maana ilikuwa vigumu. "Bene, dada yangu nilimzika mimi, wewe hukuwepo. Keshokutwa watu wanakuja. Unataka niwaambie ng'ombe wake tumemfukia kama mbwa, kwa sababu umesoma kwenye kitabu?"

Nikamgeukia Baba.

Akaniuliza, "Una uhakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nimefundishwa kutosema nisichokiona. "Sina, Baba. Nipe mpaka saa nane nikaangalie."

Akaitazama ile damu, akamtazama Mjomba. "Saa nane," alisema.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, nikamchoma ng'ombe sikioni kwa pini, nikapaka tone kwenye kipande cha kioo cha dirisha, nikakipitisha juu ya moto. Piusi, aliyekuwa amelala nyumbani, alinipeleka Karatu kwa gari la kampuni; kazi yake ingeota mbawa kama wangejua. Mwalimu Apolinari, aliyenifundisha baiolojia, bado yupo shuleni kwetu. Alifungua kabati, akatoa hadubini ileile ya kioo cha kuelekeza juani, na chupa ya rangi ya buluu yenye kutu kwenye kifuniko. Nikainama.

Vilikuwepo. Vijiti, viwili viwili na vitatu vitatu vimeungana, ncha zimekatwa bapa, na kila kimoja kimezungukwa na utando wa waridi. Umbo nalijua kuliko ninavyojua viganja vyangu. Miaka mitatu nimelitazama nikiwa na furaha. Leo nililitazama mara moja, nikampisha Mwalimu.

Mwalimu akatazama naye, muda mrefu. "Ndicho unachosomea?"

"Ndugu yake, Mwalimu. Wangu hana ubaya."

"Nenda," alisema. "Mimi nitachemsha hivi vyombo."

Kwenye ofisi ya mifugo, bwana mifugo alikuwa vijijini. Dada wa pale aliposikia alinipa mfuko wa chokaa, akasema tuchimbe kupita kimo cha mtu, tumfukie hivyohivyo, tuchome udongo ulioingia damu, na yeye angempelekea bwana mifugo habari. Tukaondoka. Kwenye kona ya pili ya Oldeani gurudumu likapasuka.

Tulifika saa tisa kasoro ishirini. Nilikuwa na hakika nitakuta ngozi imeshatundikwa. Nilikuta hivi: Mjomba kwenye ngazi ya mlango, visu magotini. Mzee Senteu amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani, mahali palepale nilipomwacha asubuhi. Na katikati yao Baba, ameketi kwenye kigoda, amempa ng'ombe mgongo, anachambua maharage kwenye ungo.

"Saa nane imepita zamani," Mjomba alisema.

"Barabara ni mbaya," Baba akasema. "Si kosa lake." Kisha kwangu: "Umeona nini?"

"Ni kimeta, Baba."

Akaweka ungo chini. Akaenda kuleta sepetu, na sepetu ya kwanza ya udongo ilikuwa yake. Wanaume saba walichimba mpaka jua likazama, chini kabisa mwisho wa eka, mbali na mto. Niliuliza kila mmoja kama amemgusa ng'ombe. Baba alisema, "Kwa kisu tu." Kisu kikaingia motoni.

Mjomba hakuchimba.

Jumamosi 23 Julai

Arobaini. Misa, makande, ugali na maharage. Watu walikuwa wengi na waliimba vizuri. Mama mmoja aliyekuwa anachuma na Mama shamba la mzungu alinishika mkono akasema, "Nasikia umekataza nyama." Nikasema ndiyo. Hakuniachia mkono.

Mjomba aliondoka kabla ya chai. Hakuniaga.

Jumapili 24 Julai

Siandiki.

Jumanne 26 Julai

Madebe matatu. Baba anachuma kwa mkono mmoja. Anasema kidole kinamwasha.

Jumatano 27 Julai

Leo nilimshika mkono kwa nguvu nikafungua kitambaa. Pale alipokatwa na waya kuna kidonda cha mviringo, katikati cheusi kama kaa la moto lililozimika, pembeni malengelenge, na mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo. Ndiyo maana sikusema."

Hakiumi. Ningeweza kuandika ukurasa huu kwa kumbukumbu kutoka kitabuni: hakiumi, cheusi, uvimbe. Alikishika kile kisu kwa mkono wenye jeraha bichi, damu ikaloanisha kitambaa, na kitambaa hicho alikivaa siku sita. Nilimuuliza aligusa nini, nikapokea jibu la maneno matatu, nikaandika kwenye daftari kana kwamba ni jambo limekwisha. Sikumwambia anionyeshe mikono.

Piusi yuko njiani na gari la kukodi. Baba ameoga, amevaa koti la kanisani.

Alhamisi 28 Julai

Hospitali, Karatu. Daktari alipouona mkono nilimwambia mambo yote, na nilichokiona kwenye hadubini. Akasema, "Umeniletea mgonjwa na jina la ugonjwa, umenipunguzia kazi." Penisilini, sindano kila baada ya saa sita. Homa imepanda. Piusi amekaa sakafuni koridoni, kofia yake ya kazi usoni, analia kama alivyolia alipokuwa darasa la pili.

Ijumaa 29 Julai

Homa. Uvimbe umefika begani.

Jumamosi 30 Julai

Bado.

Jumapili 31 Julai

Asubuhi Baba aliomba uji, akalalamika hauna ndimu. Muuguzi akacheka, nami nikatoka nje nikaegemea ukuta kwanza.

Mchana tulibaki wawili. Akaanza kusema mwenyewe, kwa Kiiraqw, ambacho hajanisemesha tangu nifike. Mpaka hapo alikuwa ananisemesha Kiswahili kama mgeni wa ofisini.

"Nilijua amekufa," alisema. "Nilimkuta amekufa. Kisu nilimwekea baadaye."

"Kwa nini, Baba?"

"Sikutaka mama yako aambiwe ng'ombe wake alikuwa kibudu. Nilitaka awe amechinjwa. Nilidhani nikikata kidogo tu, ningeweza kusema nimemwahi na nisiwe mwongo sana."

Nje kulikuwa na kwaya inafanya mazoezi. Akaendelea.

"Mama yako mwezi wa mwisho alikuwa anakuulizia. Si kwamba lini utakuja. Alikuwa anauliza sasa hivi Bene anafanya nini, kule ni saa ngapi. Mimi nasema sijui. Miaka mitatu nasema sijui. Nilikuona umekuja nikakukasirikia kwa sababu hiyo, kwamba sikuwa na kitu cha kumwambia."

Miaka yote nimeamini Baba hajali kazi yangu. Kumbe aliombwa habari zake kila siku na hakuwa nazo, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nasema "nasoma tu, Mama," nikiona ni ndefu mno kueleza.

Jumamosi 6 Agosti

Ametoka hospitali. Kidonda kimebaki gamba jeusi, litadondoka lenyewe. Bwana mifugo amechanja ng'ombe wa kijiji kizima na amekwenda mpaka kwa Mzee Senteu. Huko wamekuta ng'ombe wawili wamekufa bondeni, hawajafunguliwa.

Jumanne 9 Agosti

Madebe manane, mimi na Piusi. Mikono imekumbuka.

Jumamosi 13 Agosti

Tulipoamka tulimkuta Mjomba Modest tayari yuko katikati ya mibuni na kikapu, anachuma. Hakuna aliyemwona akifika. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba." Akachuma mpaka jioni. Anachuma kama Mama, kwa macho kwanza. Nadhani wote wawili walifundishwa na mtu mmoja. Wakati wa kula alikaa karibu na Baba akamtazama mkono, akaupindua taratibu, akaurudisha.

Jumatatu 15 Agosti

Mjomba ameondoka. Siku tatu hakutaja ng'ombe. Asubuhi alipofunga mzigo alinipa kimojawapo cha visu vyake viwili, akasema mpini umelegea, kule Ulaya labda kuna wa kuukaza.

Jumatano 24 Agosti

Edgar ameandika. Kipande nilichokigeuza: mashine imefika pale imekwama. DNA imeingia mpaka kwenye zile herufi zilizotazama nyuma, ikasimama, nusu ndani nusu nje, katika karibu seli zote alizohesabu. Amerudia mara tatu. "Zinasomwa, Bene! Zinasomwa kweli!"

Nilikaa pale dukani mpaka kijana wa kompyuta akaniuliza kama naongeza nusu saa. Ninachokijua sasa hakuna Mwiraqw aliyewahi kukijua, na pengine ni watu wanne tu duniani. Nilitaka kumwambia Mama.

Nimemwambia Baba. Nimemweleza yote, bila kufupisha, hata jinsi tunavyoipaka DNA rangi inayong'aa. Imechukua muda wa kuchambua nyungo mbili za kahawa. Aliuliza maswali sita. Nimeyahesabu.

Ijumaa 2 Septemba

Upepo na vumbi. Vichanja vyote vimejaa.

Jumamosi 10 Septemba

Madebe manne. Mibuni ya juu imekwisha.

Ijumaa 16 Septemba

Edgar tena. Amesikia mkutanoni kuwa kundi jingine, kwa bakteria wa utumbo, wameshazipata herufi zao: nane, zote zimeelekea upande mmoja. Wanakaribia kuchapisha. Profesa anasema kwa bakteria wangu bado hakuna aliyeonyesha, nirudi kabla ya tarehe kumi Oktoba, tuandike haraka.

Ningesikia habari hii mwezi wa tano, ningejifungia chumbani wiki nzima. Leo nilinunua kilo ya sukari na betri za redio, nikapanda gari la Oldeani. Njiani nilijiuliza kama moyo umepoa. Haujapoa. Nataka kujua zaidi ya nilivyotaka mwanzo, ila zamani nilitaka kuwa wa kwanza, na sasa nataka kujua kinachotokea pale mlangoni, kwa sababu kimeta nacho hupita mlango huo, na nimeona mkono wa Baba.

Jumapili 25 Septemba

Gamba limedondoka. Chini yake ngozi mpya, ya waridi, kama ya mtoto. Baba amelitupa motoni bila kuambiwa.

Jumapili 2 Oktoba

Baada ya misa, Baba: "Ile mashine. Yenyewe inajua inaipeleka wapi DNA?"

"Haijui, Baba. Inasoma herufi iliyo mbele yake tu, halafu inayofuata, na inayofuata."

"Na aliyeziandika?"

"Ziliandikwa zamani sana. Kila anayezaliwa anazipokea zilivyo."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akasema anataka bati.

Ijumaa 7 Oktoba

Siku yangu ya mwisho. Kahawa ya mwisho imeanikwa, na anga upande wa kreta ni jeupe, hakuna dalili ya vuli.

Baba na Piusi wamezungushia miiba pale mwisho wa eka, safu mbili, na wamesimamisha nguzo mbili za mgrevilea. Bati limekatwa na kupakwa rangi nyeupe. Piusi alileta brashi, na Baba akasema niandike mimi, mwandiko wangu ndio alioulipia ada. Alikuwa ameshayapanga maneno kichwani:

HAPA AMEFUKIWA NG'OMBE WA MARSELA. ALIKUFA KWA KIMETA TAREHE 21 JULAI 2005. USICHIMBE. USILISHE MIFUGO.

Chini yake akanitamkia kwa Kiiraqw. Halafu akamwita Mzee Senteu, aliyekuja kuniaga, ayaseme kwa Kimaasai, nami nikaandika nilivyosikia, akinisahihisha kwa kuyarudia polepole mpaka akaridhika.

"Rangi hii itakaa miaka mingapi?" Baba aliuliza.

"Kumi, labda."

"Na wale walioko chini?"

"Hao hata hamsini. Zaidi pengine."

Akahesabu kitu kimoyomoyo. "Basi mtakuja kuandika upya. Wewe au Piusi. Na baadaye watoto wenu."

"Tutakuja."

Tulipigilia misumari. Baba akarudi nyuma hatua chache kulitazama bati, mkono wenye kovu kiunoni, halafu akatazama juu upande wa kaburi la Mama, pale chini ya mti, ambako saruji bado haijawekwa. Akasema kwa Kiiraqw, "Angenicheka huyu mwanamke. Yeye ana msalaba wa miti, ng'ombe wake ana bati."

Piusi alianza. Nikafuata mimi, na Baba mwenyewe, akiwa amejishika kwenye nguzo, mpaka machozi yakamtoka. Mzee Senteu alitutazama mmoja mmoja, akauliza amesema nini. Baba akajifuta macho akamtafsiria, neno kwa neno, naye akacheka peke yake, baada yetu sote.